Namna ya Kuipatia Kompyuta ya Zamani Programu Zinazoifaa: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu swali ninaloulizwa ni lile lile, yaani programu zinazoifaa kompyuta ya zamani zipatikane vipi, na makosa ni yale yale. Mtu ananunua kwa bei ya kutupa, au anarithi kutoka ofisini, kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005. Anaifikisha nyumbani kwake Tabata au Mbagala, jijini Dar es Salaam, inawaka vizuri, kisha inageuka pambo la sebuleni kwa sababu haitoi sauti, haioni mtandao, na kila programu anayoipakua inakataa kufunguka. Anapoipeleka kwa fundi, fundi anasema kompyuta ni mbovu. Mara nyingi kompyuta yenyewe haina ubaya wowote. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi, kwa kuwa karibu kila mtu huanza na kutafuta programu mtandaoni, ilhali katika mpangilio sahihi kutafuta ni hatua ya tano.

Maelezo yanahusu PC zenye Windows 98 hadi Windows XP, ambazo bado zinakutwa kwenye stoo za shule na ofisi zetu. Mwenye Macintosh ya zamani anaweza kufuata mpangilio huo huo, ila ghala lake kuu litakuwa tovuti ya Macintosh Garden.

## Vifaa vya kuwa navyo

Kusanya vyote kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kuacha kazi katikati ili kukimbilia Kariakoo ndiko kunakosababisha watu kusahau walipofikia.

- Kompyuta ya kisasa yenye intaneti. Kazi yote ya kupakua itafanyika huku.
- Sidii tupu za kuandikwa mara moja, angalau 5, pamoja na kifaa cha kuchomea sidii kinachochomekwa kwenye USB. Usinunue DVD, kwa sababu kompyuta nyingi za kipindi hicho zina kisomeo cha sidii pekee.
- Flashi ndogo ya GB 2 hadi 8 iliyofomatiwa kwa FAT32.
- Betri mpya ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Mafundi saa huwa nazo.
- Adapta ya kuunganisha diski ya IDE (aina ya diski iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi za kipindi hicho) kwenye USB.
- Waya wa mtandao, bisibisi, brashi laini, na ufutio wa penseli.
- Daftari na kalamu. Simu yenye kamera itasaidia, lakini haitachukua nafasi ya daftari.

## Hatua ya 1: Hakikisha mashine ni salama

Kabla ya kuchomeka waya wa umeme, geuza kasha na utazame kisanduku cha umeme mahali panapoingia waya. Mashine nyingi za mtumba, hasa zilizotumika Marekani, zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115, kisanduku hicho kitapasuka mara tu utakapowasha. Mimi mwenyewe niliwahi kuipuuza swichi hiyo kwa kuamini maneno ya muuzaji kwamba "imeshajaribiwa"; nilisikia mlio kama wa fataki, chumba kikajaa harufu kali, na mashine iliyokuwa nzima ikaingia kwenye orodha ya vipuri.

Fungua kasha, pangusa vumbi kwa brashi, kisha tazama kapasita, yale makopo madogo yaliyosimama kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba au vimevuja ute wa kahawia, mpelekee fundi wa kuchomelea risasi kabla ya kuendelea, kwa sababu mashine yenye kapasita mbovu huzima ovyo na utaishia kulaumu programu. Kwa wanaokaa karibu na bahari, kama Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi huacha ukungu kwenye meno ya RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Ichomoe RAM na uyasugue meno hayo taratibu kwa ufutio hadi yang'ae.

Badilisha betri ya CR2032, kisha ingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, na upange tarehe ya leo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mashine inayodhani iko mwaka 1980 itakataa vyeti vya usalama vya tovuti, na baadhi ya programu zitajitangaza kuwa muda wake umekwisha au haujaanza.

Utajua umefaulu iwapo utaiacha mashine bila umeme usiku kucha na asubuhi ukaikuta na saa sahihi.

## Hatua ya 2: Andika utambulisho wa mashine

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mengine yote. Neno "Pentium" na jina la kampuni lililobandikwa mbele ya kasha havitoshi. Unahitaji mambo manne.

La kwanza ni toleo kamili la Windows. Bofya kulia kwenye "My Computer", kisha "Properties". Namba 4.10.1998 ni Windows 98 ya kwanza, 4.10.2222 A ni Toleo la Pili, ambalo linafaa zaidi kwa vifaa vya USB. Kwenye XP, tazama kama imeandikwa Service Pack 3, yaani furushi la tatu la masahihisho ya Windows hiyo. Programu nyingi za miaka ya mwisho ya XP hazisakinishiki bila hiyo.

La pili ni prosesa na seti ya maagizo inayoyaelewa. Hapa ndipo watu wengi wa XP wanapokwama bila kujua sababu. Pentium III na Athlon XP hazina maagizo yaitwayo SSE2. Pentium 4 inayo. Programu inaweza kuandikwa kwamba inafaa XP, ikasakinishwa bila malalamiko, kisha ikaanguka kila unapoifungua, kwa sababu tu inahitaji SSE2. Mfano ulio wazi ni Firefox: toleo la 52 ESR ndilo la mwisho kwa XP, lakini kuanzia toleo la 49 prosesa isiyo na SSE2 iliachwa nje. Mwenye Pentium III anaishia toleo la 48, hata kama jirani yake mwenye XP hiyo hiyo juu ya Pentium 4 anatumia 52.

La tatu ni kiasi cha RAM na ukubwa wa diski. Windows 98 husumbuka RAM inapozidi MB 512, hivyo kumwongezea mzee huyu RAM nyingi kunaweza kumwangusha badala ya kumsaidia. Diski inayozidi GB 137 nayo ni ya kuogopwa kwenye Windows 98 na kwenye XP ya kwanza isiyo na Service Pack. Data huweza kuharibika bila onyo.

La nne ni namba za utambulisho wa kadi: ya sauti, ya picha na ya mtandao. Kwenye XP, fungua "Device Manager", bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano, nenda kwenye kichupo cha "Details", na usome mstari mrefu unaoanza na PCI. Windows 98 haionyeshi mstari huo kirahisi. Tumia Everest Home Edition 2.20 ya mwaka 2005, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye mifumo yote miwili.

Tuusome mstari mmoja kwa karibu. Umeandikwa VEN_8086 na DEV_2415, kisha SUBSYS yenye tarakimu nane zinazoishia na 0E11. VEN ni aliyetengeneza chipu, na 8086 ni Intel. DEV ni chipu yenyewe. 2415 ni sehemu ya sauti ya aina ya AC'97 iliyomo katika chipu 82801AA. Wengi wanaishia hapo, wanatafuta "sauti ya Intel", wanapata draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, wanaisakinisha, na mashine inabaki bubu. Sababu ni kwamba Intel ilitengeneza nusu ya njia tu. Nusu ya pili ni chipu ndogo ya kugeuza sauti ambayo kila mtengenezaji wa kompyuta alijichagulia, iwe ya Analog Devices, SigmaTel au Realtek. Tarakimu nne za mwisho za SUBSYS ndizo zinazofichua mtengenezaji huyo wa kompyuta: 0E11 ni Compaq, 1028 ni Dell, 103C ni HP, 1014 ni IBM. Sasa unajua kwamba unatafuta draiva ya sauti iliyotolewa na Compaq kwa modeli yako, na si nyingine. Utafutaji wa wiki mbili umekuwa wa nusu saa.

Namba nyingine utakazokutana nazo mara kwa mara ni 10EC, yaani Realtek. 10DE, yaani NVIDIA. 1002, yaani ATI. Na 1106, yaani VIA. Ukiona VEN_10EC na DEV_8139, hiyo ni kadi ya mtandao ya RTL8139, mojawapo ya zilizosambaa mno, na draiva yake ni rahisi kuipata.

Umefaulu hatua hii ukiwa na nusu ukurasa wa daftari ambao mtu mwingine, asiyeiona mashine yako, angeweza kuusoma na kukutafutia programu.

## Hatua ya 3: Tafuta kwanza ndani ya mashine yenyewe

Mwalimu mmoja wa Temeke alimaliza bando la wiki mbili akitafuta draiva ya kadi ya picha. Alipoileta mashine, nilifungua diski C, nikaona folda iitwayo DRIVERS, na faili aliyokuwa akiisaka ilikuwa humo tangu siku mashine ilipotoka kiwandani.

Watengenezaji wengi waliacha nakala za draiva kwenye diski. Kagua folda zifuatazo: C:\DRIVERS, C:\DELL, C:\SWSETUP kwa mashine za HP, na C:\IBMTOOLS. Faili za kusakinishia Windows 98 mara nyingi ziko C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS, na za XP ziko C:\I386. Ukizikuta, utaepuka ule usumbufu wa Windows kudai sidii ambayo haipo tena. Andika pia namba ya leseni iliyo kwenye stika ubavuni mwa kasha kabla haijafutika kwa jasho la mikono.

Kisha chukua nakala rudufu ya diski nzima. Ichomoe, iunganishe na kompyuta ya kisasa kwa adapta, na uinakili kama faili moja. Kwenye Linux programu ya ddrescue inafaa, kwa sababu haikati tamaa inapokutana na sehemu mbovu. Faili hiyo unaweza baadaye kuifungua kwa 7-Zip na kutoa kilichomo.

Onyo: diski ikitoa mlio wa kugonga wa kujirudia, usiiwashe tena kwa majaribio. Kila inapowashwa inajimaliza. Inakili mara moja, au iache.

Onyo lingine: mashine ya ofisi au zahanati inaweza kuwa na majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi au mishahara. Hayo si yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayahusu. Toa draiva na programu, mengine mrudishie mwenyewe au uyafute.

## Hatua ya 4: Amua kazi, kisha toleo

Usiulize "programu gani nzuri". Uliza mashine itafanya kazi gani, halafu utafute toleo la mwisho lililotangazwa rasmi kufaa mfumo wako. Toleo hilo likiwa zito, rudi nyuma toleo moja au mawili. Jipya kupita hapo halitafunguka, na la zamani mno litakosa kufungua mafaili ya watu wengine.

Kwa kazi za ofisi, XP inaishia LibreOffice 5.4, na Windows 98 inaishia OpenOffice.org 2.4. Kwenye RAM ya MB 64, OpenOffice hiyo itakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Afadhali WordPad ambayo tayari unayo. Mpenda Kiswahili akumbuke kwamba mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yenye menyu za Kiswahili, na kwangu mimi hakuna programu inayostahili zaidi kukaa kwenye mashine ya umri huo.

Kwa kusoma PDF kwenye XP, chukua Sumatra PDF 3.1.2. Kwa kufungua mafaili yaliyofungashwa, 7-Zip 9.20 inafaa 98 na XP pia. Muziki uachie Winamp ya namba 2, ambayo ni nyepesi na haina makuu. VLC ya namba 3.0 bado inasakinishika kwenye XP, ila usitegemee Pentium III kucheza video za siku hizi bila kukwama.

Zipo pia programu ambazo hazitajwi sana, na ambazo hapa kwetu zina kazi. CDS/ISIS ya UNESCO, pamoja na ndugu yake WinISIS, ilitolewa bure kwa ajili ya maktaba. Orodha za vitabu zilizotengenezwa kwayo bado zinahitaji kufunguliwa. Epi Info ya CDC ya Marekani nayo ni ya bure, toleo la 6 likiendeshwa kwenye DOS, na takwimu nyingi za tafiti za afya zimehifadhiwa kwa muundo wake. Mzazi anayetaka mtoto ajifunze kuandika programu hahitaji kupakua chochote: kwenye sidii ya Windows 98, ndani ya folda ya TOOLS\OLDMSDOS, mna QBasic.

Mashine ikiwa haina Windows halali kabisa, usihangaike. FreeDOS ni huria na inaendesha programu za DOS. Tiny Core Linux huanza kwenye RAM ya MB 46. AntiX, ambayo nayo ni Linux, ina matoleo ya biti 32 yanayofaa Pentium III yenye RAM ya kutosha.

## Hatua ya 5: Sasa tafuta

Fuata mpangilio huu, na usishuke ngazi moja kabla ya kumaliza ya juu yake.

Kwanza, tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Wachache bado wanaweka draiva za zamani. Tafuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika, na si kwa jina la kibiashara.

Pili, sura ya zamani ya tovuti hiyo hiyo. Nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, andika anwani ya mtengenezaji, kisha uchague tarehe ya miaka miwili au mitatu baada ya mashine kutoka kiwandani. Wakati huo draiva zilikuwa zimeshasahihishwa na bado zilikuwa hazijaondolewa. Kiungo cha kupakulia kikigoma, usiondoke mikono mitupu: nakili jina kamili la faili. Jina hilo ndilo ufunguo. Liweke ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafutia, na mara nyingi faili itajitokeza kwenye ghala jingine.

Tatu, sidii zilizohifadhiwa. Internet Archive ina maelfu ya sidii za draiva, za programu za majaribio na zile zilizokuwa zikitolewa pamoja na magazeti ya kompyuta. Msomaji wa bando azingatie hapa: huna haja ya kupakua sidii nzima ya MB 600 ili kupata faili ya MB 2. Kando ya faili ya ISO, ambayo ni nakala ya sidii nzima, bofya "View Contents". Orodha ya vilivyomo itafunguka, nawe utapakua kile unachokitaka peke yake.

Nne, maghala ya wapenzi wa kompyuta za zamani: maktaba ya draiva ya VOGONS kwa kadi za sauti na picha, na WinWorld kwa mifumo endeshi na programu za ofisi.

Andika maneno ya utafutaji kwa Kiingereza, kwa kuwa maghala yote haya yameorodheshwa kwa lugha hiyo. Andika namba za VEN na DEV kama zilivyo.

Onyo: kimbia tovuti yoyote inayokuahidi kwamba programu yake itakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Utapewa kifaili kidogo cha "kupakulia", na ndani yake mna matangazo na uchafu mwingine. Hakuna hata kimoja cha aina hiyo nilichowahi kukiona kikimfaa mwenye Windows 98.

## Hatua ya 6: Leseni

Mwenye programu kuacha kuiuza hakumaanishi ameigawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na msimamizi wake hapa nchini ni COSOTA. Draiva zilizotolewa na watengenezaji kwa wateja wao, programu huria na programu za bure hazikupi taabu. Kwa Windows na Office tumia leseni iliyokuja na mashine. Wapenzi wa DOS watafurahi kujua kwamba Microsoft iliachia msimbo wa MS-DOS 4.00 kwa leseni huria mwaka 2024.

## Hatua ya 7: Hakiki kabla ya kubeba

Anza na ukubwa. Faili iliyotakiwa kuwa MB 5 ikiwa KB 10, hujapakua draiva. Umepakua ukurasa wa kosa uliopewa jina la draiva.

Linganisha hashi, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaoitambulisha faili, pale ghala linapoionyesha. Kwenye Windows ya kisasa fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Tarakimu moja ikitofautiana, pakua upya. Halafu ipandishe faili kwenye VirusTotal, ambayo hupokea hadi MB 650. Wakaguzi wawili watatu wakilalamika kati ya makumi, huenda ni woga wao juu ya mtindo wa ufungashaji wa zamani. Wakilalamika kumi, itupe.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Fungua kifurushi kwa 7-Zip bila kukiendesha, tafuta faili yenye mwisho wa INF, ifungue kwa Notepad, na utafute namba yako ya DEV. Ikiwemo, pamoja na SUBSYS yako, umepata chenyewe. Isipokuwemo, hata kama jina la nje linafanana kama pacha, draiva hiyo haikuhusu.

## Hatua ya 8: Hamisha mafaili

Usijaribu kupakua moja kwa moja kwenye mashine ya zamani. Tovuti za sasa hutumia usimbaji ambao Internet Explorer ya Windows 98 na XP haiuelewi, na isitoshe msaada wa usalama wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Njia ninayoipendekeza ni sidii. Sababu ni ya hapa hapa mjini: flashi ikipita stationari moja tu kuchapisha barua, inaweza kurudi na virusi vya kugeuza mafolda kuwa njia za mkato, na mashine ya zamani haina kinga. Sidii iliyokwisha kufungwa haiandikiki tena.

Wakati wa kuchoma, Windows itauliza sidii itumike vipi. Chagua iliyoandikwa "With a CD/DVD player". Ukichagua ile ya kufananisha sidii na flashi, Windows 98 itaiona tupu, na utapoteza siku ukilaumu kisomeo. Choma kwa mwendo mdogo, 8 au 16. Mafaili ya DOS yape majina yasiyozidi herufi nane.

XP inatambua flashi yenyewe. Windows 98 Toleo la Pili inahitaji draiva ya USB ya jumla, inayojulikana kwa jina la NUSB, ambayo nayo lazima ifike kwa sidii.

Ukitaka mtandao wa waya kati ya kompyuta mbili, tumia FTP, njia ya kuhamisha mafaili kupitia mtandao. Ushirikishaji wa mafolda wa XP hutegemea itifaki ya zamani iliyozimwa kwenye Windows za sasa kwa sababu za usalama, usiiwashe tena.

## Hatua ya 9: Sakinisha moja baada ya nyingine

Angalia kwanza kama LUKU ina uniti za kutosha. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha draiva ya diski, utaanza upya kabisa.

Weka pa kurudia. XP ina "System Restore". Windows 98 huhifadhi yenyewe nakala 5 za rejista, yaani hifadhi ya mipangilio yake, nazo hurudishwa kwa kuandika scanreg /restore kwenye DOS.

Anza na draiva za chipu za mazabodi, kwa kuwa nyingine zote hupitia humo; zifuate za picha, kisha sauti, na mtandao uwe wa mwisho. Baada ya kila moja zima na uwashe, uone alama ya njano imetoweka, ndipo uendelee. Anayesakinisha nne kwa mpigo hawezi kujua ipi iliyomwangusha. DirectX, programu ya Microsoft inayohitajika na michezo, huishia toleo la 9.0c kwa Windows 98.

Mashine ikiganda wakati wa kuwaka, bonyeza F8, ingia "Safe Mode", na uiondoe draiva ya mwisho tu. Windows 98 ikidai sidii yake, ielekeze kwenye ile folda ya CABS uliyoikuta katika hatua ya 3.

Umefaulu pale "Device Manager" isipokuwa na alama ya njano hata moja, na ule mlio wa Windows kufunguka ukasikika kwenye spika.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Programu uliyoipata leo kwa taabu inaweza isiwepo mtandaoni mwakani. Kila draiva iliyofanya kazi iweke kwenye folda yenye jina la namba zake, kwa mfano 10EC-8139-WIN98, pamoja na faili fupi ya maandishi inayoeleza ilitoka wapi, tarehe gani, na ilifanya kazi kwenye mashine ipi. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Nakala ya tatu iweke ndani ya mashine yenyewe, kwenye C:\DRIVERS. Kisha chomoa ule ukurasa wa daftari, uutie kwenye mfuko wa nailoni, na uubandike upande wa ndani wa ubavu wa kasha, mbali na feni, kabla ya kufunga skrubu.